Mkwaruzo wa Paka Hausubiri Usaha

Katika kata ya Mbebe wilayani Ileje, mkoani Songwe, kama ilivyo katika vijiji vingi vya nyanda za juu kusini mwa Tanzania vinavyoishi kwa kilimo cha mahindi na maharage, paka hafugwi kwa ajili ya kupendezesha nyumba bali kwa ajili ya kulinda chakula, kwa kuwa mahindi yakishavunwa na kuwekwa darini, kwenye magunia au katika kihenge, panya huyafuata humo humo, na kaya isiyo na paka huanza kuhesabu hasara yake muda mrefu kabla ya mvua za kupanda. Kwa sababu hiyo paka huishi karibu mno na watu, hulala jikoni penye majivu ya moto, hubebwa na watoto shingoni, na hushikwa kwa nguvu pale anapotakiwa kutolewa chini ya uvungu wa kitanda. Ukaribu huo huzaa mikwaruzo, na kwa kuwa mikwaruzo ni ya kila siku, wengi huichukulia kuwa jambo dogo, jeraha huoshwa au halioshwi kabisa, na safari ya kwenda zahanati huamuliwa kwa kipimo kimoja tu, nacho ni kuonekana kwa usaha.

Kipimo hicho hakitoshi, na wakati mwingine hupotosha kwa namna inayogharimu uhai. Maradhi yanayoweza kupita katika ukucha au jino la paka hayaendi kwa mwendo mmoja. Liko ambalo ni lazima lizuiwe mapema, kabla dalili yoyote haijaonekana, kwa maana dalili zikishaonekana tiba haipo. Yako yanayojitokeza ndani ya siku moja au mbili, na haya ndiyo yanayoleta usaha ambao watu wanaujua. Na liko linalokuja majuma kadhaa baadaye, pengine jeraha lenyewe likiwa limekwisha kupona na kusahauliwa. Swali la lini mtu aende kutibiwa, basi, halina jibu moja, bali lina majibu yanayofuata saa, siku na majuma.

Ili kuelewa tofauti hizo ni vizuri kuutazama ukucha wenyewe kwa karibu. Ukucha wa paka umepinda kama ndoano ya kuvulia samaki na hukaa umefichwa ndani ya kidole, ukitoka tu pale mnyama anapopanda, anapowinda au anapojihami, na ukitoka huchoma kwanza kisha hukokota, hivyo kwamba mstari mwembamba unaoonekana juu ya ngozi mara nyingi una mwanzo wake wenye kina kuliko mwendelezo wake. Chini ya ukucha huo hukusanyika udongo, mabaki ya panya aliyeliwa, mate ya paka mwenyewe, ambaye hujilamba nyayo mara nyingi kwa siku, na zaidi ya yote kinyesi cha viroboto. Kinyesi hicho kinaweza kuonekana kwa macho: ukichana manyoya ya paka mwenye viroboto, huanguka chembe nyeusi kama pilipili manga iliyosagwa, na chembe hizo zikiwekwa juu ya karatasi nyeupe iliyoloweshwa maji huacha doa lenye rangi ya kutu, kwa sababu si uchafu wa kawaida bali ni damu ya paka iliyopita tumboni mwa kiroboto. Jino la paka nalo ni jembamba na refu, kwa hiyo huacha tundu dogo ambalo ngozi hulifunga haraka juu huku vijidudu vikibaki chini, na kwa sababu hiyo jeraha la jino la paka, ingawa halitishi kwa kulitazama, huharibika mara nyingi zaidi kuliko jeraha kubwa la mbwa.

Saa za kwanza ni za kuosha. Jeraha lolote la paka, liwe la ukucha au la jino, linapaswa kuoshwa papo hapo kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa muda usiopungua dakika 15, muda ambao ni mrefu kuliko watu wanavyodhani, kwa kuwa wengi huacha baada ya dakika moja damu inapokoma. Sabuni ya mche inayotumika kufulia inatosha kabisa, na pasipokuwa na bomba, ndoo na kata au jagi vinafaa, mradi mtu mmoja amimine na mwingine asugue polepole ndani ya jeraha. Baada ya hapo hupakwa dawa ya kuua vijidudu yenye madini ya iodini kama ipo, na jeraha hufunikwa kwa kitambaa safi bila kukazwa. Kama mkono ndio ulioumia, pete na bangili zivuliwe mapema, kwa kuwa kidole kikishavimba pete huwa kitanzi kinachozuia damu.

Kuosha huko kuna sababu iliyo kubwa kuliko usafi, nayo ni kichaa cha mbwa, ugonjwa wa virusi ambao licha ya jina lake humpata mnyama yeyote mwenye damu moto na anyonyeshaye, akiwemo paka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, na makadirio ya watafiti yaliyochapishwa mwaka 2002 yaliweka vifo vya Tanzania kuwa takriban 1,500 kwa mwaka, idadi iliyozidi kwa mbali ile iliyokuwa ikiripotiwa rasmi, kwa sababu wengi hufia nyumbani. Ni kweli kwamba karibu vifo vyote hivyo hutokana na mbwa, na paka kwa kawaida huupata ugonjwa kwa kung'atwa na mbwa au na mnyama wa porini; lakini paka aliyeambukizwa ni hatari kwa namna yake, kwa kuwa huvamia ghafla, huruka usoni na mikononi, na hutumia meno na makucha kwa pamoja, makucha ambayo amekwisha kuyalamba kwa mate yenye virusi.

Shirika hilo limepanga makutano ya mtu na mnyama anayeshukiwa katika ngazi tatu, na upangaji huo unastahili kujulikana hata na asiye mganga. Katika ngazi ya kwanza mtu amemgusa au kumlisha mnyama, au amelambwa juu ya ngozi isiyo na jeraha, na hapo chanjo haihitajiki. Katika ngazi ya pili kuna mkwaruzo mdogo au mchubuko usiotoa damu, na hapo ndipo wengi hushangaa, kwa kuwa hata mkwaruzo huo usio na tone la damu unadai chanjo ianze bila kuchelewa. Katika ngazi ya tatu ngozi imepenywa na damu imetoka, au mate yameingia katika jeraha, jichoni au mdomoni, na hapo pamoja na chanjo huhitajika pia kinga ya haraka, yaani dawa yenye chembe za kinga zilizokwisha kutengenezwa, ambayo huchomwa ndani ya jeraha lenyewe na kuzunguka kandokando yake ili kuvizuia virusi wakati mwili ukijifunza kutengeneza kinga yake. Virusi hivyo havisafiri kwa damu bali hupanda polepole kwa njia ya mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na safari hiyo kwa kawaida huchukua mwezi 1 hadi 3, ingawa inaweza kuwa fupi zaidi, hasa jeraha likiwa usoni au shingoni, au kuwa ndefu kuliko hapo. Muda wote huo jeraha linaweza kuwa kavu, safi na lisilo na usaha hata kidogo. Mgonjwa anapoanza kuhisi kuwashwa au ganzi pale palipoumia, kisha kushindwa kumeza maji, hakuna tena la kufanya ila kumpunguzia mateso.

Kwa hiyo paka akiwa mgeni, paka shume asiye na mwenyewe, au paka wa nyumbani aliyebadilika tabia, akawa anatoa udende, anajificha gizani, analia kwa sauti isiyo yake au anashambulia bila kuchokozwa, mtu aliyeparurwa aende kwenye kituo cha huduma siku hiyo hiyo, hata kama jeraha halimwumi. Chanjo huhifadhiwa kwenye friji kwa nyuzijoto 2 hadi 8 na si kila zahanati inayo, hivyo ni busara kumwomba mhudumu wa zahanati aulize kwa simu kabla mgonjwa hajatumia nauli ya bodaboda kwenda hospitali ya wilaya, ambayo kwa watu wa Ileje iko Itumba. Chanjo hutolewa kwa awamu katika siku zinazopangwa, na anayeiacha baada ya sindano ya kwanza kwa sababu anajisikia vizuri hujinyima kinga aliyoianza. Jambo hili ni zito zaidi katika mkoa wa mpakani kama Songwe, ambako mfanyabiashara anaweza kuwa Tunduma Jumatatu, ng'ambo Nakonde nchini Zambia Jumatano, na Isongole kwenye mpaka wa Malawi mwishoni mwa juma; mtu wa namna hiyo ni lazima atembee na kadi yake ya chanjo, ili daktari wa upande wowote ajue sindano ipi imekwisha kutolewa na ipi imebaki.

Liko kosa moja linalofanywa kwa hasira au kwa woga, nalo ni kumuua paka papo hapo. Paka anayejulikana, akifungiwa mahali salama na kupewa chakula na maji, ni ushahidi ulio hai: akibaki mzima kwa siku 10 tangu alipoparura au kung'ata, maana yake hakuwa akitoa virusi katika mate yake siku ile, na mhudumu wa afya anaweza kuisimamisha chanjo iliyoanzishwa. Paka aliyeuawa na kutupwa mtoni humwacha daktari bila ushahidi huo. Ikiwa amekwisha kufa, ofisa mifugo wa kata ajulishwe upesi, kwa kuwa ubongo wa mnyama unaweza kupimwa katika maabara za Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania, na mzoga usishikwe kwa mikono mitupu.

Pepopunda nayo huhesabiwa katika saa hizi za kwanza, maana vijidudu vyake hukaa udongoni na katika samadi, na ukucha uliochimba udongo huweza kuvipeleka ndani ya nyama. Hapa pana pengo ambalo halisemwi vya kutosha. Watoto wa Tanzania hupata chanjo ya pepopunda ndani ya chanjo ya pamoja wanapokuwa na umri wa wiki 6, 10 na 14, na wanawake huipata tena wanapohudhuria kliniki ya wajawazito. Lakini mwanamume aliyekomaa, ambaye hana kliniki ya aina hiyo, anaweza kufika miaka 40 bila dozi hata moja ya nyongeza, ilhali yeye ndiye ashikaye jembe, anayejenga kihenge na anayemtoa paka kwa mkono darini. Mtu mwenye jeraha lenye uchafu ambaye dozi yake ya mwisho imepita miaka 5, au asiyekumbuka kama aliwahi kuipata, ana haki ya kuiomba sindano hiyo na hapaswi kuona haya.

Baada ya saa huja siku, na hapa ndipo usaha una nafasi yake. Mdomoni mwa paka wengi wenye afya huishi bakteria wanaoitwa pasturela, jina lililotokana na Louis Pasteur, mwanasayansi wa Ufaransa, na bakteria hawa wakiingia katika tundu la jino huchukua muda mfupi wa kustaajabisha, kwa kuwa maumivu makali, uvimbe na joto huweza kuonekana ndani ya saa 12 hadi 24. Mkwaruzo wa ukucha una hatari ndogo kuliko jino, lakini nao huambukizwa, ama na hao hao kupitia mate, ama na bakteria wa kawaida wa ngozi ya binadamu ambao hupata mlango uliofunguliwa. Kasi yenyewe humwambia mganga jambo: jeraha lililovimba usiku wa siku ile ile hufanana na kazi ya pasturela, na lile lililoanza kuuma siku ya tatu huenda ni la bakteria wa ngozi.

Vitabu vingi vya tiba hueleza dalili ya maambukizi kuwa ni wekundu, maelezo yaliyoandikwa kwa kutazama ngozi nyeupe, na mzazi wa Mbebe anayeusubiri wekundu huo juu ya mkono wa mwanawe anaweza kuusubiri hadi mambo yaharibike. Katika ngozi nyeusi sehemu iliyoambukizwa mara nyingi huwa nyeusi zaidi kuliko ngozi jirani, au huwa na rangi ya zambarau, hung'aa kwa kukazwa na uvimbe, na mikunjo midogo ya ngozi hupotea. Kwa hiyo mkono ni kipimo bora kuliko jicho: mgongo wa kiganja uwekwe juu ya jeraha, kisha mahali pale pale upande wa pili wa mwili, na tofauti ya joto itajisema yenyewe. Wahudumu wa afya hutumia pia mbinu rahisi ya kuchora kwa kalamu ya wino mstari kuzunguka ukingo wa uvimbe na kuandika saa pembeni, na mbinu hiyo inaweza kufanywa nyumbani. Uvimbe ukivuka mstari ndani ya saa chache, hakuna haja ya kungoja asubuhi ya pili.

Mkono na vidole vinahitaji tahadhari ya pekee. Kano, yaani kamba ngumu zinazokunja na kunyoosha vidole, hupita ndani ya ala nyembamba zilizo chini kidogo tu ya ngozi, na jino la paka lina urefu wa kutosha kuzifikia. Usaha ukiingia katika ala hiyo hauna pa kutokea, na kano hukosa damu na kufa kwa muda usiozidi siku chache. Daktari mpasuaji Allen Kanavel wa Chicago, aliyeandika juu ya maambukizi ya mkono mwanzoni mwa karne ya 20, alieleza dalili ambazo hadi leo madaktari huzitafuta: kidole kizima kimevimba kwa usawa kutoka shina hadi ncha, kimejikunja kidogo chenyewe, kinauma kikibonyezwa kando ya kano, na kinatoa maumivu yasiyovumilika mtu mwingine akijaribu kukinyoosha. Mkulima mwenye kidole cha namna hiyo anahitaji hospitali yenye chumba cha upasuaji, wala si vidonge vya dukani, kwa maana kinachoshindaniwa hapo ni uwezo wake wa kushika jembe maisha yake yote.

Dalili nyingine zinazodai safari ya siku hiyo hiyo zinajulikana, na inatosha kuzitaja kwa pamoja: homa na kutetemeka, mstari unaopanda kutoka kwenye jeraha kuelekea kwapani au kwenye kinena, maumivu yanayozidi badala ya kupungua baada ya siku ya pili, usaha unaonuka, kiungo kama goti au kifundo kinachoshindwa kukunjwa, na jeraha lolote lililo jichoni au karibu yake. Mgonjwa anayehema kwa kasi, anayezungumza mambo yasiyoeleweka au ambaye mikono yake imekuwa baridi huku kifua kikiwaka moto, huenda maambukizi yamekwisha kuingia katika damu, na huyo hubebwa mara moja, hata usiku wa manane.

Kati ya jeraha na zahanati husimama duka la dawa. Tanzania ina mfumo wa maduka ya dawa muhimu, ulioanza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003 ili watu wa vijijini wapate dawa za msingi kwa muuzaji aliyefunzwa, na mfumo huo umesaidia wengi. Lakini haukukusudiwa kuchukua nafasi ya mtu wa kuchunguza jeraha. Antibayotiki, yaani dawa zinazoua bakteria, hazilingani. Dawa kadhaa zinazotumika sana kwa majipu na vidonda vya ngozi hazimwezi pasturela, na ndiyo sababu madaktari kwa jeraha la paka hupendelea amoksilini iliyochanganywa na asidi ya klavulani, ambayo huzuia ujanja wa bakteria wengine wa kuivunja dawa, huku wakiangalia kwanza kama mgonjwa ana mzio wa penisilini. Desturi ya kupasua kidonge cha rangi mbili na kunyunyiza unga wake juu ya kidonda haina faida, kwa kuwa unga hukauka na kuwa gamba linalofungia usaha chini, na vivyo hivyo majivu, mafuta ya taa na dawa ya meno. Wanaopaka vitu hivyo hawastahili kudharauliwa, maana hufanya hivyo kwa kuwa zahanati iko mbali na mtoto analia. Wanastahili kuambiwa wazi kwamba maji na sabuni walivyonavyo tayari ni dawa bora kuliko vyote hivyo.

Mambo ya majuma ndiyo yasiyofahamika sana, na ndiyo yanayowasumbua hata wahudumu. Ugonjwa wa mkwaruzo wa paka, ambao daktari wa watoto Robert Debré na wenzake wa Paris waliueleza mwaka 1950, husababishwa na bakteria anayeitwa bartonela henselae, ambaye aliendelea kukwepa utambuzi hadi mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakati wanasayansi wa Marekani walipompa jina hilo kwa kumheshimu Diane Hensel, mtaalamu wa maabara aliyehusika kumtenga katika damu ya wagonjwa. Bakteria huyu huishi katika damu ya paka bila kumdhuru, hasa paka wachanga walio chini ya mwaka mmoja, na hupitishwa kutoka paka hadi paka na viroboto. Binadamu humpata pale kinyesi cha kiroboto kilicho chini ya ukucha kinapoingizwa ndani ya ngozi. Siku 3 hadi 10 baadaye huota kipele kidogo pale palipokwaruzwa, ambacho hudhaniwa kuwa cha mbu, na baada ya juma 1 hadi 3 huvimba mitoki, yaani tezi za limfu, zile tezi ndogo za kwapani, shingoni na kinenani ambazo huchuja vijidudu vinavyopita katika maji ya mwili. Mtoki wa ugonjwa huu unaweza kufikia ukubwa wa yai la kuku, huambatana na homa ya wastani na uchovu, na kwa mtu mwenye kinga nzuri hupungua wenyewe ndani ya miezi 2 hadi 4, ingawa dawa ya azithromaisini, kwa mujibu wa utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 1998, huupunguza kwa kasi zaidi katika mwezi wa kwanza.

Kama hupona wenyewe, kwa nini mtu aende kituoni? Kwa sababu mtoki haujitambulishi. Tezi iliyovimba kwa zaidi ya majuma 2 inaweza kuwa kifua kikuu cha tezi, ugonjwa ambao ni wa kufikiriwa mapema katika mkoa wenye wachimbaji wa dhahabu na msongamano wa wasafiri wa barabara kuu na reli ya TAZARA, na ambao vipimo na dawa zake hutolewa bila malipo. Inaweza kuwa dalili ya virusi vya UKIMWI. Na mara chache inaweza kuwa saratani. Homa nayo hupotosha kwa namna yake, kwa kuwa mazoea ya kuiita kila homa malaria yamekita mizizi: utafiti uliofanywa Moshi na kuchapishwa mwaka 2013, uliofuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa, ulionyesha kwamba asilimia 60.7 walidhaniwa kuwa na malaria, ilhali malaria ilikuwa ndiyo chanzo kwa asilimia 1.6 tu. Mtoto wa Mbebe mwenye homa na mtoki wa kwapani, ambaye kipimo chake cha malaria hakikuonyesha vimelea, hahitaji dozi nyingine ya malaria. Anahitaji mtu wa kumvua shati na kumtazama mkono. Na mtoki huo usichanjwe kwa wembe, maana tezi ya ugonjwa huu ikipasuliwa ovyo inaweza kuacha tundu linalochuruzika kwa miezi. Daktari akiona usaha unamsumbua mgonjwa huuvuta kwa sindano.

Wako watu ambao kwao hakuna mkwaruzo wa kungojea. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka anaweza kupata kutokana na bartonela vinundu vyekundu au vya zambarau juu ya ngozi, vinavyotoka damu kirahisi na vinavyofanana sana na saratani ya ngozi iitwayo Kaposi, tofauti ikiwa kwamba hivi hupona kwa antibayotiki, na hivyo kuvidhania kuwa saratani ni kumnyima mgonjwa tiba iliyo rahisi. Mwenye kisukari hachelewi kupata kidonda kisichofunga, na huenda asihisi maumivu ya mguu uliokwaruzwa. Mtoto mchanga, mzee, mtu anayetumia dawa zinazopunguza kinga, na aliyeondolewa bandama, wote waende siku ya kwanza. Mjamzito naye aende kama jeraha limeambukizwa, lakini asiogope mkwaruzo kwa sababu ya toksoplazma, vimelea ambavyo amesikia vinaharibu mimba, kwa kuwa hivyo hupatikana katika kinyesi cha paka, udongo na nyama isiyoiva, wala si katika ukucha.

Paka mwenyewe hana hatia, na kumfukuza ni kuwakaribisha panya, ambao wana maradhi yao. Kinachowezekana ni kumpatia chanjo ya kichaa cha mbwa kwa ofisa mifugo pale mbwa wa kijiji wanapochanjwa, kumwangalia viroboto, kuepuka kumpaka dawa za kunyunyizia ng'ombe au mbwa, ambazo baadhi yake ni sumu kwa paka, na kuwafundisha watoto wasimshike anapokula wala anapokuwa na vitoto.

Mbele ya mhudumu wa zahanati, maelezo yanayosaidia zaidi ni mafupi: paka ni wa nani na yuko wapi sasa, ni ukucha au ni jino, ilikuwa siku gani na saa ngapi, jeraha lilioshwa kwa kitu gani, na chanjo ya mwisho ya pepopunda ilikuwa lini. Mzazi anayemleta mtoto mwenye mtoki majuma matatu baadaye ana kazi ngumu kidogo, kwa kuwa alama ya ukucha imekwisha kufutika na mtoto amesahau, na mhudumu mwenye foleni ya wagonjwa mlangoni huenda asiulize kuhusu wanyama. Mzazi huyo aseme mwenyewe, bila kungoja kuulizwa, kwamba nyumbani kuna kitoto cha paka, na kwamba mwezi uliopita mtoto alikuwa akicheza nacho.